Mfereji Nilioamuru Ufunikwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa baiskeli kabla sijaonyeshwa kiti. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha ufundi wa afya ya jamii, msichana wa Ganda ambaye babake alitaka awe mwalimu, na nilifika ofisini Malindi saa moja na nusu asubuhi nimevaa sare ya kaki niliyoipiga pasi mara mbili. Aliyenipokea alikuwa Mkaguzi Mkuu, mzee wa Mambrui, mwembamba, kofia ya vito, ile ya kutariziwa kwa mkono, kichwani na kalamu tatu mfukoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye Sidi?”

“Ndimi.”

“Waweza kupanda baiskeli kwa sketi hiyo?”

“Naweza.”

“Basi twende machinjioni. Ofisi utaiona jioni.”

Huko machinjioni alinisimamisha kando ya ukuta, akaniambia nifumbe macho niseme nasikia harufu gani. Nikasema damu. Akauliza, ya leo au ya jana? Sikujua. “Ya leo yanuka chuma,” akasema. “Ya jana ina utamu kidogo. Ukiusikia utamu huo, andika, kisha utafute ilikomwagika.” Nilikwenda nyuma ya ukuta nikatapika, naye akaningoja kwa adabu, ametazama upande wa barabara. Hakulitaja jambo hilo tena maisha yake yote.

Ndivyo kazi yetu ilivyoanza, kwa pua. Vijana wa siku hizi wana vyombo vya mkononi vya kupimia hewa, wabonyeza na namba yatokea. Sisi tulikuwa na pua, tochi na daftari. Watu walituita mabwana afya, nami nikawa Bibi Afya, na jina hilo likanikaa hata wengine wakalisahau langu. Tulikagua visima, vyoo, mikahawa, bucha na maduka ya nafaka. Kitu chochote kinachowadhuru au kuwaudhi wakaao karibu, kama dimbwi la mbu, choo kilichofurika au uvundo, sheria ilikiita kero. Ukiiona kero, wamwandikia mwenye mahali ilani, yaani karatasi ya kumwamuru aiondoe kwa siku kadha. Akikataa, mwaonana kortini. Akitii, wakagua upya na kutia sahihi barua ya kwamba kero imeondolewa, na faili lafungwa. Barua hiyo ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Mkaguzi Mkuu alituhesabia kazi kwa barua hizo.

Nilianzia Mambrui, nikitia dawa visimani na kubishana na wazee wa mitaa juu ya vyoo vilivyochimbwa karibu mno na maji. Kisha nikapelekwa Sabaki, mahali pa mbu wengi na watu wakarimu. Mwaka mmoja nilikuwa Kilifi, kazi yangu ikiwa soko na jiko la kila hoteli. Niliporudi Malindi nilipewa sehemu yangu mwenyewe, ile ya kaskazini mwa mji kuelekea daraja la Sabaki, na ndani ya sehemu hiyo ndimo kilimokuwa kiwanda cha ngozi.

Kiwanda hicho hakipo tena na jina lake sitalitaja. Ngozi mbichi zililetwa kwa malori kutoka mashamba ya ng'ombe ya bara, zimepakwa chumvi, zimekunjwa kama mikeka. Mtaa wa zamani ulikuwapo kabla ya kiwanda, nyumba za makuti na chache za mawe, watu wanaojuana kwa majina ya babu. Kiwanda kilipofunguliwa, upande wa pili zikajengwa nyumba za kupanga, chumba kimoja kimoja, wakaingia wafanyakazi kutoka Ukambani, Nyanza na kwingineko. Mtaa ulichangamka. Aliyekuwa akiuza maandazi hamsini sasa aliuza mia mbili. Nasema hivi ili msidhani watu walikichukia kiwanda. Walikitaka.

Mara yangu ya kwanza kukikagua, aliyenitembeza ni kijana wa Kitui aitwaye Mutua, msimamizi wa mapipa, mtu wa kucheka kwa sauti ya chini na kueleza kitu hatua kwa hatua. Alinionyesha ngozi zinavyolowekwa kuondoa chumvi, kisha zinavyotiwa kwenye chokaa pamoja na dawa ya kunyonyoa manyoya. Baadaye ngozi hiyo hiyo huingia katika mapipa makubwa ya mbao yanayozunguka, safari hii ndani ya asidi, ili iwe tayari kupokea rangi.

“Sasa madamu, hapa kuna maji mawili,” akaniambia, akionyesha kwa kidole. “Hii ya chokaa inatoka huku. Hii ya asidi inatoka kule. Zinakutana pale nje kwa mfereji. Zikikutana tu, unasikia hiyo.”

Niliisikia. Ilikuwa harufu ya mayai viza, kali, inayokwenda moja kwa moja nyuma ya macho. Niliandika daftarini: mfereji wa wazi, uvundo wa mayai viza, chanzo ni maji mawili kukutana. Maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu.

Upepo wa kusi ulipovuma, mtaa ule ulipumua harufu hiyo mchana kutwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja ofisini kusema watoto wanatapika darasani. Wanawake walisema nguo zikikauka kambani zinanuka vibaya kuliko kabla ya kufuliwa. Lakini jambo lililonishtua kwanza halikuwa la pua. Lilikuwa la macho.

Asubuhi moja niliitwa nyumbani kwa Bi Zuhura, mjane aliyekuwa akimwoza bintiye wiki ile. Nilikuta watu wamejaa sebuleni, na katikati yao, juu ya mkeka, ameketi sonara wa mjini, mzee wa heshima zake, jasho linamtiririka. Mbele yake pametandikwa leso, na juu ya leso bangili kumi na mbili za fedha za bibi harusi. Zilikuwa nyeusi. Si za kuchujuka, nyeusi kama makaa.

“Mwanangu Sidi, njoo uone mambo,” Bi Zuhura akasema. “Nimezitoa sandukuni leo, ndizo hizi. Huyu bwana ametuuzia bati.”

“Sijauza bati tangu nizaliwe,” sonara akasema. “Wala babangu hakuuza. Nipeni ndimu na jivu.”

Akaletewa. Akaisugua bangili moja taratibu mpaka weupe wa fedha ukatokea. Akaiinua. “Bati halirudi hivi,” akasema, kisha akajifuta uso kwa kanzu yake, na nikaona kwamba alikuwa akilia.

Jirani mmoja akatoka mbio akarudi na mkufu wake. Mweusi. Mwingine akaleta pete, mwingine kijaluba, kikebe cha fedha, cha mamake. Vyote vyeusi. Kulikuwa na mama mmoja tu ambaye vyake vilikuwa vyeupe, na huyo alikuwa amerudi kutoka Mombasa juzi baada ya kukaa miezi miwili kwa mwanawe, na vito vyake alikuwa navyo. Tayari watu walikuwa wameanza kunong'ona habari za majini. Nilitoka nje nikauzunguka mtaa. Kuta zilizopakwa rangi nyeupe zilikuwa zimeingia kijivu upande mmoja tu, ule unaotazama kiwandani.

Nilikwenda kumweleza Mkaguzi Mkuu. “Kinachoweza kula fedha ndani ya sanduku,” akasema, “kinaingia pia vifuani mwa watu.” Akanituma kwa mtaalamu wa maabara hospitalini, ambaye alinitengenezea vipande vya karatasi vilivyochovywa dawa yenye madini ya risasi. Hewa ile ya mayai viza ikizigusa karatasi hizo, hugeuka nyeusi. Nilizibeba ndani ya kibati cha lozenji, peremende za kikohozi. Nilizitundika katika nyumba kumi, na kila siku mapipa ya asidi yalipofunguliwa, karatasi zilibadilika kabla ya adhuhuri.

Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya chini ya Mkaguzi Mkuu. Alistaafu mwezi huo huo, na mahali pake akaja Afisa mpya, mtu wa faili safi na tarehe za mwisho. Nilimwonyesha karatasi zangu, akaniruhusu kwenda kwa Meneja wa kiwanda.

Meneja alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye tai hata saa sita za mchana. “Bibi Afya,” akaniambia, “ngozi haiwezi kuvuliwa manyoya ikanukia asumini. Lakini mimi si mtu wa kugombana. Niambie unataka nini, nami nitafanya.”

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Hakuna meneja aliyewahi kuniuliza nataka nini. Nilirudi ofisini nikaandika ilani kwa makini sana: mfereji wa nje ufunikwe kwa vibamba vya zege kutoka mwanzo hadi mwisho, na maji yote machafu yaingie katika shimo lililozibwa. Afisa akaisoma, akasema imeandikwa vizuri, akatia sahihi.

Kwa muda usiozidi mwezi, kazi ikawa imekamilika. Nilikwenda kukagua. Mutua alinipeleka tukatembea juu ya vibamba vipya, na kwa mara ya kwanza nilisikia harufu ya bahari mahali pale. Shimo lilikuwa refu kuliko urefu wa watu wawili, na lilifunikwa vizuri, likiwa na kidirisha kimoja cha mraba cha kuingilia fundi.

“Madamu,” Mutua akasema, “sasa ile hewa imeenda wapi?”

“Imebaki chini,” nikamjibu.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayefikiri, wala hakuuliza tena. Nami sikujiuliza. Nilirudi ofisini nikaandika barua ya kwamba kero imeondolewa. Afisa alinisifu mbele ya wenzangu. Bi Zuhura alinitumia sahani ya halua. Wiki ile nilitembea mtaani nikisalimiwa kutoka kila baraza.

Haikupita miezi mitatu. Ilikuwa Alhamisi, kama saa nne asubuhi, nami nilikuwa njiani kwenda Sabaki kutazama kisima. Nikaona nipitie kiwandani. Langoni sikumkuta bawabu. Nikasikia sauti nyuma ya jengo la mapipa, nikaegemeza baiskeli, nikaenda.

Kidirisha cha shimo kilikuwa kimefunguliwa. Kando yake, juu ya zege, kulikuwa na jozi ya viatu vya ngozi vimepangwa sawasawa, soksi zimetiwa ndani. Nyapara, yaani msimamizi wa kazi za nje, alikuwa amepiga magoti akiita ndani ya shimo. Karibu naye alisimama Kazungu, mfanyakazi wa mfereji, kijana wa kwetu Ganda niliyemfahamu tangu utotoni. Nyuma yao wanaume wanne watano.

“Kuna nini?” nikauliza.

“Mutua ameshuka kuzibua bomba,” Kazungu akasema. “Maji yalikuwa yanarudi ndani. Amefika chini, amekoroga mara mbili kwa mti, akakaa. Akakaa tu, kama mtu aliyechoka. Sasa hajibu.”

Nilisogea. Uvundo wa mayai viza ulinipiga usoni kwa nguvu ambayo sikuwahi kuijua, machozi yakanitoka. Nilijifunika pua kwa leso. Kisha, kama redio iliyozimwa, harufu ikakoma. Nikaondoa leso. Nikavuta pumzi. Hapakuwa na kitu. Hewa ilikuwa safi kama ya asubuhi.

“Wacha nishuke nimtoe,” Kazungu akasema. “Lakini hiyo harufu.”

Nami, mbele ya watu wote wale, nikiwa nimevaa sare ya serikali, nikasema: “Hainuki tena. Hewa imetoka. Jifunge kamba ushuke.”

Maneno yangu ni hayo, sikuyaongeza wala sikuyapunguza. Waliyaamini kwa sababu yalikuwa ya Bibi Afya. Nyapara akaleta kamba, Kazungu akaifunga chini ya makwapa, akaanza kuteremka ngazi ya chuma. Nilimwona akishuka hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkono wangu ulikuwa umekwenda mkobani wenyewe, kwa mazoea tu, ukafungua kile kibati, kwa sababu tulizoea kuchukua karatasi kila mahali pa ukaguzi na kuandika matokeo. Nikatoa karatasi moja. Ilikuwa nyeupe. Niliinyosha juu ya kidirisha, na kabla sijaufikisha mkono, ikawa nyeusi. Haikubadilika kidogo kidogo kama zile za mtaani. Ilikuwa nyeupe, kisha ilikuwa nyeusi.

Nilivuta pumzi tena kupitia puani. Hakuna kitu. Nikaitazama karatasi.

Nimeulizwa mara nyingi nilihisi nini. Niliona midomo ya nyapara ikisema jambo na sikuisikia. Nilielewa kwamba pua yangu, ambayo ndiyo kazi yangu, ilikuwa imekufa usoni mwangu, na kwamba nilikuwa nimemteremsha mtu kwa ushahidi wa pua hiyo. Nikawageukia walioshika kamba.

“Mvuteni. Mvuteni sasa hivi.”

Kazungu alikuwa ameshaachia ngazi. Kamba ilijikaza ghafla na wale wanaume wakaenda mbele hatua moja. Wakavuta. Alitoka kichwa kimelala begani, macho wazi, midomo ya rangi ya zambarau. Nyapara, ambaye Mutua alikuwa kama mwanawe, akaanza kuvua shati ashuke yeye. Nikasimama mbele ya kidirisha.

“Nipishe, mama.”

“Sikupishi.”

“Yuko hai yule. Nipishe.”

“Tazama hii,” nikamwambia, nikamwekea karatasi mbele ya macho. “Ilikuwa nyeupe. Ukishuka utakaa kando yake.”

Aliniangalia kwa chuki ambayo sikumlaumu kwayo. Kisha akaketi chini kwenye zege karibu na vile viatu, akashika kichwa. Niliwaambia wengine wamburute Kazungu, ambaye bado alikuwa akipumua, hadi upande upepo unakotoka, na wachukue mitaimbo wavunje vibamba, vyote, kuanzia mbali. Walivivunja vibamba vile nilivyovisifu. Ilichukua muda mrefu kabla karatasi zangu hazijaacha kugeuka nyeusi, na ndipo mtu akashuka akamfunga Mutua kamba.

Alikuwa ameketi kweli, kama Kazungu alivyosema. Mgongo ukutani, mti wa kukorogea mapajani.

Daktari wa hospitali alinieleza jioni ile, nami nawaeleza ninyi kwa maneno yale yale. Hewa ile ikiwa kidogo, pua huisikia hata mbali. Ikiwa nyingi, huua kwanza mishipa ya kunusa, na mtu hudhani imekwisha. Kisha huenda kwenye pumzi. “Harufu ilipokuwa mtaani,” akasema, “ilikuwa ikiwaudhi watu. Ulipoifunika, ilikusanyika.” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akinawa mikono. Nilikaa kwenye benchi la nje nikitazama sakafu mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama mimi ndiye jamaa wa marehemu.

Babake Mutua alifika kutoka Kitui siku ya tatu, mzee mrefu mwenye koti zito lisilofaa joto la pwani. Nilikwenda kumwona penye nyumba za kupanga. Nilimwambia mimi ni nani, kwamba mfereji ulifunikwa kwa amri yangu, na kwamba mwanawe aliniuliza hewa imekwenda wapi nami nikamjibu bila kufikiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Aliuliza?” akasema.

“Aliuliza, mzee.”

“Alikuwa anauliza sana hata akiwa mdogo.” Akafunga kifungo cha koti. “Aliumia?”

Nikamwambia alivyosema daktari, kwamba ilikuwa pumzi mbili au tatu, kisha usingizi. Akaomba apelekwe aone mahali. Nyapara alikuwa amevihifadhi vile viatu, akamkabidhi. Mzee akavitazama ndani, akaona soksi, akazitoa, akazikunja upya, akazirudisha.

Uchunguzi ulifanywa mbele ya hakimu. Jana yake Afisa aliniita, akafunga mlango. “Jibu ulichoulizwa,” akaniambia. “Usijipeleke mbele. Kiwanda ndicho kilichomtuma mtu shimoni bila kinga. Ilani yetu ilikuwa sahihi kwa sheria.”

“Ilikuwa sahihi,” nikasema.

“Basi.”

Alikuwa hasemi uongo. Meneja ndiye aliyeagiza bomba lizibuliwe bila kusimamisha mapipa, na alilikiri hilo, tai yake imelegea, sauti haisikiki. Lakini hakimu aliponigeukia akauliza ni nani aliyeamuru maji yote mawili yaende shimo moja lililozibwa, nilisema ni mimi. Akauliza kama nilijua kuwa yakikutana yanatoa hewa hiyo. Nikasema nilijua, limeandikwa katika daftari langu. Akauliza kama kuna lingine. Nikamwambia nilichomwambia Kazungu kando ya shimo. Kalamu ya karani ilisimama. Afisa, nyuma yangu, alishusha pumzi ndefu.

Sikufukuzwa. Nilitazamia kufukuzwa, na nadhani ningelala vizuri zaidi. Kiwanda kilifungwa kwa muda, na kilipofunguliwa kilikuwa na mifereji miwili isiyokutana. Maji ya chokaa yalisafishwa kwanza na kuachwa yatulie katika bwawa la wazi mbali na nyumba, kisha ndipo yakamwagwa. Harufu haikwisha kabisa, lakini bangili hazikuwa nyeusi tena. Mimi nilihamishwa. Barua ilisema ni kwa manufaa ya kazi. Nilirudi Mambrui, visimani, nilikoanzia, na nilipitisha miaka kadhaa nikiwa chini ya maafisa mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikuwa mkali, mmoja mlevi, mmoja mwerevu ambaye ndiye aliyenipandisha cheo. Kila mmoja alikuwa amesoma faili langu kabla sijaingia mlangoni, na kila mmoja alinitazama kwanza usoni, akitafuta kitu.

Nilistaafu Kilifi nikiwa mkaguzi mwandamizi. Vijana wa idara waliniandalia chai na keki, wakanipa saa ya ukutani, wakataka niwaambie jambo la kuwafaa. Nilikuwa nimejitayarisha kusema juu ya usafi wa visima. Badala yake niliwaeleza yote haya, na chai ikapoa. Niliwaambia kwamba miaka yote ile tulifundishwa kuondoa kero mbele ya macho na pua za watu, na tulipoiondoa tulipigiwa makofi. Mtu mmoja tu ndiye aliyetaka kujua imekwenda wapi, naye hakuwa na cheti. Niliwaambia wakisaini barua, wamtafute kwanza mtu anayefanya kazi chini kabisa mahali pale, wamuulize yeye anaogopa nini. Binti mmoja aliandika. Wengine walinitazama tu, na niliona katika nyuso zao mshtuko ule wa kando ya shimo, kana kwamba jambo lile lilikuwa limetokea asubuhi hiyo.

Sasa nakaa Ganda, nafuga kuku na kupanda mihogo. Kazungu anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Pumzi yake haikurudi sawa, na pua yake haikurudi kabisa. Mkewe ndiye humwambia kama samaki ameharibika. Jioni nyingine huja tukanywa chai, tukazungumza habari za mvua na wajukuu. Habari ya shimo hatukuigusa kwa miaka mingi, mpaka mwaka jana, alipoweka kikombe chini akasema ghafla, “Dada Sidi, wewe uliniambia nijifunge kamba.”

“Nilikuambia pia ushuke,” nikasema.

Akakichukua tena kikombe chake. “Hilo nalo ulisema,” akajibu, akaendelea kunywa chai yake.